Mzoga Chini ya Udongo: Jinsi Mabaki ya Wanyama Yanavyooza, na Mafunzo Yake kwa Wanaakiolojia

Wanyama wasio na idadi hufa kila mwaka katika mbuga, mashamba na vijiji vya Afrika ya Mashariki. Wengine huliwa na simba na fisi, wengine huchinjwa na binadamu, na wengine hufa kwa ukame, kwa maradhi au kwa uzee. Lau mifupa yao yote ingalidumu, mkulima asingaliweza kupiga jembe bila ya kugonga fuvu au ubavu. Lakini sivyo ilivyo. Sehemu kubwa kabisa ya mizoga hutoweka bila ya kuacha dalili inayoonekana kwa macho, na ni vipande vichache tu vinavyomfikia mwanaakiolojia baada ya karne nyingi. Mtaalamu huyo anapofukua meno matatu ya ng'ombe na kipande cha mfupa wa mguu, hana budi kujiuliza maswali mawili. Kwanza, kwa nini kidogo hiki kimebaki? Pili, kile kingine kimekwenda wapi?

Maswali hayo si ya udadisi mtupu. Historia ya ufugaji, ya uwindaji, na hata ya asili ya binadamu imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya mifupa ya wanyama. Mtu asiyejua namna mifupa inavyopotea aweza kuandika historia ya uongo ilhali ameshika ushahidi wa kweli mkononi. Kwa sababu hiyo limezuka tawi maalumu la elimu linalochunguza yote yanayoyapata mabaki ya viumbe tangu kufa hadi kufukuliwa. Tawi hilo huitwa tafonomia, jina lililobuniwa mwaka 1940 na mtaalamu wa visukuku wa Urusi ya Kisovieti, Ivan Efremov, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kaburi.

Kuoza kwa nyama

Mnyama anapokufa, damu huacha kupeleka oksijeni katika seli. Vimeng'enya vilivyomo ndani ya seli, ambavyo wakati wa uhai vilikuwa vikifanya kazi chini ya ulinzi mkali, huanza kuzimeng'enya seli zenyewe. Muda si muda bakteria wa tumboni, ambao katika uhai humsaidia mnyama kusaga chakula, huvuka kuta za utumbo na kuingia katika nyama. Hapo ndipo kuoza kwenyewe kunapoanza. Bakteria hao hawahitaji oksijeni. Huvunja protini na mafuta, na hutoa gesi kama vile kaboni dioksaidi, methani, amonia na haidrojeni salfaidi, ambayo ina harufu ya yai viza. Gesi hizi ndizo zinazoufanya mzoga uvimbe. Ng'ombe, mbuzi na kondoo huvimba haraka zaidi, kwa kuwa matumbo yao makubwa yamejaa bakteria wanaochachusha majani.

Mzoga ulioachwa juu ya ardhi huwa na wageni wengi. Nzi hutaga mayai puani, machoni na penye vidonda, na mabuu yanayoanguliwa huweza kumaliza nyama laini katika muda mfupi sana wakati wa joto. Tai, fisi na mbweha nao huchukua sehemu yao. Mzoga uliofukiwa huwa mbali na wageni hao. Nzi hawaufikii kwa urahisi, hewa ni haba, na joto la udongo halipandi wala kushuka kama lile la juu. Johann Ludwig Casper, daktari wa Kijerumani wa karne ya 19, aliweka kanuni ya makadirio kwamba maiti iliyokaa wiki moja hewani huoza sawasawa na iliyokaa wiki mbili majini au wiki nane ardhini. Kanuni hiyo si ya kufuatwa kama sheria, maana joto, unyevu na kina cha shimo hubadili hesabu yote. Lakini inaonyesha wazi jinsi udongo unavyochelewesha mambo.

Penye maji mengi na hewa chache, kama vile kwenye udongo mzito wa mfinyanzi, mafuta ya mzoga huweza kugeuka kuwa kitu cheupe kama nta. Nta hiyo huzuia bakteria na huhifadhi umbo la mwili kwa miaka mingi. Penye udongo mkavu sana, ngozi hukauka kabla ya kuoza. Kati ya hali hizo mbili, yaani penye unyevu wa wastani, hewa ya kutosha na joto, nyama haina muda mrefu wa kuishi.

Baada ya nyama, huoza kano zinazofunga mifupa pamoja. Jambo hili lina utaratibu wake. Kwa mfano, bega la swala au ng'ombe halikuungwa na kiwiliwili kwa kiungo cha mfupa bali kwa misuli tu. Ndiyo sababu mguu wa mbele hutengana na mwili mapema kuliko mguu wa nyuma, ambao umejikita nyongani. Andrew Hill, aliyechunguza mizoga ya nyamera karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya katika miaka ya 1970, alionyesha kwamba viungo huachana kwa mfuatano unaoweza kutabirika. Mwanaakiolojia anapokuta uti wa mgongo ambao pingili zake bado zimepangana, anajua kwamba mfupa huo ulifunikwa na udongo kabla ya kano kuoza. Anapokuta mifupa iliyotawanyika, huanza kutafuta nani aliyeitawanya: maji, fisi, au kisu cha mchinjaji.

Mfupa ni kitu gani?

Wengi hudhani kwamba mfupa ni kama jiwe. La hasha. Mfupa mkavu, kwa uzito, una takriban theluthi mbili za madini na theluthi moja ya maada iliyotokana na uhai. Madini hayo ni ya kalsiamu na fosfeti, nayo huitwa haidroksiapataiti. Maada ile nyingine ni protini ngumu yenye nyuzinyuzi, iitwayo kolajeni. Msomaji aweza kuifananisha hali hiyo na zege lenye nondo: madini ni zege linalobeba uzito, na kolajeni ni nondo zinazozuia zege lisipasuke linapopindwa.

Ukweli huo waweza kuonyeshwa darasani kwa gharama ndogo. Mwalimu achukue mifupa miwili ya paja la kuku, iliyosafishwa vizuri. Mmoja autie katika chupa ya siki na kuuacha kwa muda wa wiki moja au zaidi, huku akibadilisha siki kila baada ya siku mbili. Asidi ya siki itayeyusha madini, na wanafunzi wataona kwamba mfupa unapindika kama mpira bila ya kuvunjika. Mfupa wa pili uchomwe nje ya darasa juu ya makaa makali mpaka uwe mweupe. Moto utaunguza kolajeni. Umbo la mfupa litabaki vilevile, lakini utakuwa mwepesi na utavunjika kwa kubanwa na vidole. Katika jaribio hili dogo mwanafunzi ameshuhudia, kwa siku chache, namna mbili za kufa kwa mfupa ambazo ardhini huchukua karne nyingi.

Chini ya udongo, adui wa madini ni asidi, na adui wa kolajeni ni vijidudu. Maadui hawa husaidiana. Madini yakiwa kamili, kolajeni husalimika kwa muda mrefu sana, kwa sababu matundu ya ndani ya mfupa ni madogo mno kiasi kwamba vimeng'enya vya bakteria haviwezi kupenya. Bakteria hawana budi kuyeyusha madini kwanza ndipo wale protini. Hivyo huchimba vishimo na njia nyembamba ambazo huonekana kwa darubini. Carl Wedl wa Vienna aliziona njia kama hizo tangu mwaka 1864. Kwa upande wake, mfupa uliopoteza kolajeni huwa na matundu makubwa zaidi, maji hupita kwa urahisi, na madini huzidi kuyeyuka.

Jino ni habari nyingine. Ganda lake la nje, yaani enameli, lina takriban asilimia 96 ya madini, na karibu halina protini ya kuwavutia bakteria. Ndiyo maana mara nyingi meno hubaki peke yake mahali ambapo mifupa mingine yote imekwisha.

Udongo kama hakimu

Wanakemia hupima asidi na alkali kwa kipimo cha pH, ambacho namba 7 ni katikati. Namba za chini yake ni za asidi na za juu yake ni za alkali. Madini ya mfupa hudumu vizuri katika udongo ulio karibu na 7 au juu yake kidogo. Udongo ukiwa na asidi, na hasa ukishuka chini ya 6, madini huanza kuyeyuka kwa kasi inayozidi kuongezeka.

Lakini asidi peke yake haitoshi kueleza yote. Lazima kuwe na maji ya kuyachukua madini yaliyoyeyuka. Maji yaliyotulia kuuzunguka mfupa hujaa kalsiamu na fosfeti mpaka yasiweze kuyeyusha zaidi, na hapo uharibifu hupungua. Maji yanayopita na kupita tena, mvua baada ya mvua, huleta kila mara nguvu mpya ya kuyeyusha. Mahali pabaya kuliko pote kwa mfupa, basi, ni udongo wenye asidi, unaopitisha maji upesi, katika nchi ya mvua nyingi na joto. Joto nalo huharakisha mabadiliko ya kikemia. Kwa makadirio ya jumla, mabadiliko mengi huongezeka kasi takriban mara mbili kwa kila nyuzi 10 za sentigredi. Katika uchunguzi wa mifupa 158 ya moa, ndege wakubwa wa New Zealand waliotoweka, uliochapishwa mwaka 2012, ilikadiriwa kwamba katika joto la wastani wa nyuzi 13 nusu ya nakala za kipande cha DNA cha urefu fulani huvunjika kwa muda wa miaka 521. Katika nchi zetu za joto muda huo huwa mfupi zaidi.

Tukiitazama Afrika ya Mashariki kwa jicho hilo, ramani yake hujigawa yenyewe. Huko Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, mizoga ya kale ililala kando ya ziwa lenye magadi, ikafunikwa na majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro. Udongo ulikuwa wa alkali, nchi ilikuwa kavu, na madini yaliyomo katika maji yalijaza matundu ya mifupa na kuigeuza visukuku. Ndivyo mifupa ya wanyama wa karibu miaka milioni mbili ilivyoweza kutufikia. Pwani, penye mawe ya matumbawe na chokaa, hali pia ni njema: katika magofu ya miji ya kale ya Waswahili, wachimbaji hupata hata miiba midogo ya samaki. Lakini magharibi mwa Ziwa Viktoria, penye mvua nyingi na udongo uliochujuka, mifupa huwa haba mno.

Amboseli: mifupa yaelezea miaka

Kabla ya kufunikwa, mfupa hukaa juu ya ardhi kwa muda fulani, na muda huo huandikwa juu ya uso wake. Anna K. Behrensmeyer, mtaalamu wa Kimarekani, alichunguza mizoga ya wanyama wa porini katika bonde la Amboseli, nchini Kenya, akichagua hasa ile ambayo tarehe ya kifo ilijulikana. Mwaka 1978 alichapisha ngazi 6 za kuchakaa kwa mfupa, kuanzia 0 hadi 5. Katika ngazi ya 0 mfupa bado una mafuta na hauna ufa. Katika ngazi ya 1 hutokea nyufa za urefu. Katika ngazi ya 2 uso huanza kubanduka magamba membamba. Katika ngazi ya 3 uso huwa wa nyuzinyuzi na mkwaruzo. Katika ngazi ya 4 vibanzi huanguka. Na katika ngazi ya 5 mfupa husambaratika pale pale ulipo.

Mifupa mingi ya wanyama wakubwa wa Amboseli iliyofikia ngazi ya 2 ilikuwa imekaa juani kati ya miaka 2 na 6. Iliyofika mwisho ilikuwa na miaka 6 hadi 15 au zaidi. Maana yake ni hii: mfupa ambao haukufunikwa mapema, katika jua na mvua za mbuga, hauna matumaini. Na mwanaakiolojia anapokuta mahali pamoja mifupa ya ngazi moja tu, anaweza kudhania kwamba wanyama wale walikufa karibu kwa wakati mmoja. Akikuta ngazi zote zimechanganyika, anajua kwamba lundo lile lilikusanyika kidogo kidogo kwa miaka mingi. Angalizo moja ni la lazima: kipimo hiki kilitengenezwa kwa nchi kavu yenye jua kali. Msituni, penye kivuli na unyevu, saa hiyo hukimbia kwa mwendo mwingine.

Makapansgat: ushahidi wa kweli, hukumu ya makosa

Hasara ya kutoyajua mambo haya inaonekana vizuri katika habari ya pango la Makapansgat, Afrika ya Kusini. Raymond Dart, mtaalamu aliyeheshimika tangu alipotangaza fuvu la mtoto wa Taung mwaka 1925, alichunguza maelfu ya vipande vya mifupa ya swala kutoka pangoni humo. Aliona kwamba sehemu fulani zilikuwa nyingi kupita kiasi na nyingine zilikuwa karibu hazipo. Kwa mfano, katika mfupa wa mguu wa mbele unaotoka begani hadi kiwikoni, ncha za kiwikoni zilikuwa tele, lakini ncha za begani zilikuwa adimu. Dart alihitimu mwaka 1957 kwamba mababu wa kale wa binadamu walichagua mifupa hiyo kwa makusudi ili iwe rungu, visu na misumeno. Kutokana na hoja hiyo ilienea duniani picha ya babu wa binadamu kuwa mwuaji kwa asili, na wapo walioitumia picha hiyo kueleza vita vya zama zetu.

Mwenzake, C. K. Brain, hakubishana kwa maneno. Katika miaka ya 1960 alikwenda katika vijiji vya wafugaji kando ya mto Kuiseb, Namibia, na kuokota mifupa ya mbuzi waliochinjwa, wakaliwa na watu, kisha masalio yao yakatafunwa na mbwa. Pale hakuna aliyechagua mfupa kuwa silaha. Hata hivyo hesabu yake ilifanana na ile ya Makapansgat: ncha za kiwikoni zilikuwa nyingi, na za begani hazikuonekana. Sababu ilikuwa nyepesi. Ncha ya kiwikoni hukomaa mapema na ni ngumu kama jiwe. Ncha ya begani hukomaa baadaye, ni laini, ina matundu na mafuta, na hutafunwa kwa furaha na mbwa au fisi. Kilichochagua mifupa hakikuwa akili ya mwuaji bali ugumu wa mfupa wenyewe na meno ya walaji.

Funzo lake ni zito. Dart hakudanganya, wala hakukosea kuhesabu. Alisahau tu kuuliza nini kilichotoweka, na kwa nini.

Ng'ombe wasioonekana

Kosa la namna hiyo laweza kutendeka pia katika historia yetu wenyewe. Katika nchi ya Buhaya, mkoani Kagera, uchunguzi ulioongozwa na Peter Schmidt tangu miaka ya 1970 ulifunua mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma ya zama za kale za chuma, pamoja na vigae vya vyungu vya aina iitwayo Urewe. Makaa yalipatikana, mavi ya chuma yalipatikana, vigae vilipatikana kwa wingi. Kwa jumla, katika maeneo ya Urewe kuzunguka Ziwa Viktoria, mifupa ya wanyama ni michache mno au haipo kabisa.

Je, mtu aseme kwamba wafua chuma hao hawakufuga? Mwenye haraka atasema hivyo. Lakini mwenye kuelewa kemia ya udongo atakumbuka mvua nyingi za kando ya ziwa na udongo wenye asidi uliotokana na mawe ya mchanga. Katika udongo kama huo, ng'ombe aliyechinjwa miaka 2,000 iliyopita hawezi kutarajiwa kuacha hata ubavu mmoja. Suala lenyewe si dogo, kwa kuwa kilimo cha migomba cha Wahaya wa zama za karibuni kilitegemea samadi ya ng'ombe ili kuurutubisha udongo ule dhaifu. Kujua ni lini ng'ombe waliingia katika mfumo huo ni kujua chanzo cha uchumi mzima. Kukosekana kwa mfupa, basi, si ushahidi wa kukosekana kwa mnyama. Ni ukimya tu, na ukimya hausemi ndiyo wala la. Mtafiti wa huko analazimika kutafuta mashahidi wengine: meno, mifupa iliyoungua, msamiati wa lugha, na kemia ya udongo wenyewe.

Mifupa iliyoungua inastahili kutajwa, kwa sababu ina siri yake. Mfupa uliochomwa kwa moto mkali sana hadi ukawa mweupe hubadilika muundo. Fuwele zake za madini hukua na kuwa imara zaidi. Ingawa mfupa huo huvunjika kwa urahisi, asidi ya udongo huushinda kwa shida. Kipande kidogo kilichoanguka jikoni chaweza kudumu pale ambapo mifupa yote ya jalalani imeyeyuka.

Alama zilizobaki udongoni

Hata mfupa ukiisha, haujatoweka wote. Fosfeti iliyotoka katika mifupa, nyama na kinyesi hushikamana na chuma, alumini au kalsiamu ya udongo, na hukaa mahali pake kwa muda mrefu sana. Olof Arrhenius wa Sweden, alipokuwa akipima udongo wa mashamba katika miaka ya 1920, aligundua kwamba penye fosfeti nyingi isiyo ya kawaida ndipo palipokuwa na makazi ya kale. Tangu hapo kipimo cha fosfeti kimekuwa chombo cha kawaida cha akiolojia.

Mfano mashuhuri ni Sutton Hoo, nchini Uingereza, ambako mwaka 1939 lilifukuliwa kaburi la karne ya 7 lenye jahazi na hazina za dhahabu, lakini halikuwa na mwili. Wengi walidhani lilikuwa kaburi tupu la heshima. Vipimo vya baadaye vilionyesha fosfeti nyingi mahali ambapo mwili ungelazwa. Na machimbo ya miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalifunua jirani yake makaburi ambamo maiti zilikuwa zimebaki kama maumbo ya mchanga mweusi tu. Mchanga wenye asidi ulikuwa umekula mifupa na kuacha kivuli chake.

Karibu na kwetu uko mfano wenye manufaa zaidi. Mwaka 2018 Fiona Marshall na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa maeneo ya wafugaji wa kale katika eneo la Narok, kusini magharibi mwa Kenya, yenye umri wa miaka kati ya 1,550 na 3,700. Mazizi yale yamekwisha oza zamani, lakini udongo wake bado una fosforasi, kalsiamu na magnesiamu nyingi kuliko wa jirani. Majani mazuri yameota juu yake, na wanyama wa porini huja kuyala na kuongeza samadi yao. Viwanja hivyo vya majani mabichi huonekana hata katika picha za satelaiti. Wafugaji ambao majina yao hayajulikani wamelirutubisha pori kwa miaka 3,000, na ushahidi wao si mfupa bali ni nyasi.

Aidha, mfupa uliobaki waweza kueleza mnyama alizikwaje. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004, wa mifupa kutoka maeneo mbalimbali ya Ulaya, ulionyesha kwamba mifupa ya miili iliyozikwa mizima ilishambuliwa zaidi na bakteria, na ile ya wanyama waliochinjwa na kukatwakatwa ilishambuliwa kidogo. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba mwili mzima huzikwa pamoja na bakteria wa utumbo wake, ilhali kipande cha nyama kimekwisha tengwa nao. Wataalamu bado wanajadiliana kuhusu sehemu ya bakteria wa utumbo na sehemu ya bakteria wa udongo katika jambo hilo.

Jaribio la miaka 128

Wanasayansi hawakutosheka na kukisia. Mwaka 1960, huko Overton Down kusini mwa Uingereza, walijenga tuta la udongo juu ya nchi ya chokaa na kufukia ndani yake mifupa, ngozi, nguo na mbao. Mwaka 1963 walijenga tuta jingine huko Wareham, juu ya mchanga wenye asidi. Mpango wao ulikuwa kukata sehemu ya tuta na kuchunguza baada ya miaka 2, 4, 8, 16, 32, 64 na hatimaye 128. Walioanzisha jaribio hilo walijua tangu mwanzo kwamba hawatauona mwisho wake. Huo ndio moyo wa sayansi: kupanda mti ambao kivuli chake watakaa wengine.

Kazi kwa shule zetu

Jaribio dogo la namna hiyo laweza kufanywa katika shule yoyote yenye shamba. Wanafunzi wachukue mifupa ya mbuzi kutoka jikoni, waigawe katika mafungu manne yanayofanana, na wapime uzito wa kila mfupa. Fungu moja lifukiwe katika udongo mwekundu, la pili katika udongo mweusi wa mbuga, la tatu katika mchanga, na la nne liwekwe juu ya ardhi ndani ya kizimba cha waya ili mbwa wasilifikie. Kila mahali papimwe pH kwa karatasi ya kupimia asidi, na tarehe iandikwe katika daftari la shule, si la mwanafunzi, maana mwanafunzi atahitimu na kuondoka. Kila mwaka mifupa michache ifukuliwe, ikaushwe, ipimwe na kulinganishwa na ngazi za Amboseli. Baada ya miaka kumi shule hiyo itakuwa na kumbukumbu za udongo wake zenye thamani ya kweli.

Hata hivyo, mwalimu awaonye wanafunzi wake kwamba jaribio ni jambo moja na mabaki ya kale ni jambo jingine. Mtu akikuta mifupa ya kale, vigae au mavi ya chuma shambani au kwenye korongo lililomomonyolewa na mvua, asivifukue. Nchini Tanzania vitu hivyo hulindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Mfupa ulioondolewa mahali pake umepoteza nusu ya habari zake: umepoteza udongo ulioutunza, majirani waliolala nao, na mkao wake. Aandike mahali alipouona, aufunike, na kupeleka taarifa kwa viongozi wa mahali hapo. Mfupa ule umengoja kwa karne nyingi chini ya ardhi. Hautaharibika kwa kungoja siku chache zaidi, mpaka afike mtu anayejua kuuliza si kile tu kilichobaki, bali pia kile kilichotoweka.